Mwalimu wa Garissa na Waliomfuata: Tuwatazame kwa Jicho la Shakahola



Tangu makaburi ya Shakahola yafukuliwe mwaka 2023, kuna swali ambalo nimelisikia likirudiwa barazani, ndani ya matatu, na hata nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Kule msituni zimetolewa maiti zaidi ya 400, na hakuna Mkristo wa Kilifi wala wa Nairobi aliyesimamishwa njiani akaambiwa ajieleze. Kwa nini basi Garissa ilipotokea, sisi Waislamu sote tulipandishwa kizimbani?

Swali ni la haki. Ila nimeona watu wakilitaja kisha wakaishia hapo, wakaridhika kwamba wameonewa, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Mimi nataka tusogee mbele kidogo. Ikiwa nchi iliweza kuitazama Shakahola kuwa ni habari ya mhubiri mmoja na watu waliotekwa akili, basi na tulichukue jicho hilohilo tuitazame Garissa upya. Nadhani tutaona mambo ambayo mwaka 2015 hayakuonekana kwa sababu ya machozi na hasira.

Kwanza tukumbushane. Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu ya Wakristo, mnamo saa kumi na moja u nusu alfajiri, watu wanne wenye bunduki waliingia chuo kikuu cha Garissa, ambacho wakati ule kilikuwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Waliwapiga risasi walinzi wa langoni, wakaenda kwenye chumba ambamo wanafunzi Wakristo walikuwa katika maombi ya asubuhi, kisha wakaingia mabwenini. Huko wakaanza kutenganisha: Muislamu huku, asiyekuwa Muislamu kule. Mpaka mambo yanaisha walikuwa wameuawa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Waliobaki ni polisi na wanajeshi. Kikosi maalumu cha Recce, chenye mafunzo ya kazi kama ile, kilifika saa nyingi baada ya risasi ya kwanza, na kilipoingia kikaimaliza kazi kwa muda mfupi. Wazazi wa wale watoto bado wanaiuliza serikali kuhusu saa zile, na wana haki ya kuuliza.

Siku ileile serikali ikamtaja mtu na kumwekea zawadi ya shilingi milioni 20: Mohamed Mohamud, maarufu kwa jina la Kuno, ambaye pia aliitwa Dulyadeyn na Gamadhere.

Huyu Kuno hakuwa mgeni aliyeshuka kutoka milima ya Afghanistan. Alikuwa Mkenya mwenye asili ya Kisomali, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa moja mjini Garissa. Baadaye alivuka mpaka, akaingia katika Mahakama za Kiislamu, akawa na watu wa Ras Kamboni, na mwisho akawa kamanda wa al-Shabaab aliyeangalia mapigano ya upande wa Kenya. Serikali ilimhusisha pia na mauaji ya Mandera ya mwishoni mwa 2014. Hakuwahi kufikishwa mahakamani, kwa hiyo hatukupata kusikia kesi yake ikitolewa ushahidi mbele ya hakimu. Aliuawa karibu na Kismayu, na majeshi ya Jubaland yakatangaza habari hiyo tarehe 1 Juni 2016.

Mimi nilisomea ualimu, ngazi ya diploma, na nilishika chaki miaka kadhaa kabla ya kuanza kuandika. Kwa hiyo katika maelezo yote ya mtu huyu, neno linalonikaa kooni ni hilo la mwalimu mkuu. Mwalimu wa madrasa katika miji yetu hii ni mtu mkubwa. Mzazi anamkabidhi mwanawe na kumwambia, nyama yako mifupa yangu. Hamuulizi cheti. Hamuulizi anasoma nini usiku. Na ninaposema hivi siwatuhumu walimu wa madrasa wa Garissa wala wa hapa Pwani, ambao wengi wanalipwa senti zisizotosha unga na bado wanatulelea watoto. Nasema amana hiyo ndiyo silaha ya mtu wa aina hii, na bunduki inakuja baadaye sana.

Sasa tumweke kando ya Paul Mackenzie. Kesi zake zina mahakama zake: mwaka 2024 alishtakiwa kwa ugaidi, kwa mauaji ya watoto 191 na kwa makosa mengine, na alikana. Sitaki kumhukumu hapa. Lakini mafundisho yake yalijulikana Malindi nzima muda mrefu kabla ya makaburi kupatikana. Alifundisha kwamba shule ni ya shetani. Hospitali ni ya shetani. Huduma Namba ni alama ya mnyama. Mwaka 2019 alifunga kanisa lake mjini na wafuasi wakamfuata msituni, wakauza walivyokuwa navyo, wakakata mawasiliano na ndugu zao. Kisha ukaja mfungo usiokuwa na futari. Walionusurika wameeleza kwamba ulikuwapo mpangilio: watoto watangulie, wafuate wanawake, kisha wanaume, na kiongozi awe wa mwisho.

Madaktari walipopasua zile maiti walikuta wengi wamekufa kwa njaa, lakini baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Uganda ilipitia hayo kabla yetu. Moto wa Kanungu wa Machi 2000 ulipowaka, dunia ilisema waumini wamejichoma wenyewe, na siku chache baadaye yakapatikana mashimo ya watu waliouawa zamani. Ndiyo sababu sipendi kusikia mtu akisema wafuasi wa watu hawa "wamejiua". Mtoto wa miaka minne hajiui.

Yaangalie mafundisho ya Mackenzie, kisha uangalie al-Shabaab wamefanya nini Somalia na Kaskazini Mashariki. Adui wa kwanza ni shule. Tarehe 4 Oktoba 2011 mjini Mogadishu, lori la mabomu lililipuliwa mahali ambapo vijana walikuwa wamekusanyika kuangalia majibu ya ufadhili wa masomo Uturuki. Makumi waliuawa, wengi wao wanafunzi, Waislamu watupu, na al-Shabaab wakajitangaza kuwa ni wao. Hakukuwa na Mkristo wa kumtenga pale. Adui wa pili ni anayeleta chakula na dawa. Mwaka huohuo wa 2011, ukame ulipowakausha watu wa kusini mwa Somalia, kundi hili lilikuwa limeshayafukuza mashirika mengi ya misaada kutoka maeneo liliyoyashika. Ukame ni wa Mwenyezi Mungu na vita vilikuwa vya wengi, lakini kumfungia mlango mwenye chakula ni kazi ya binadamu. Utafiti uliotolewa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walikufa katika njaa ile, karibu nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Walioweza kutembea walitembea mpaka Dadaab, ambayo iko katika kaunti ya Garissa. Watu wa Garissa waliona kwa macho yao wamama wakifika na watoto migongoni waliokwisha kukata roho. Ukiwaeleza habari ya Shakahola hawashangai kama tulivyoshangaa sisi.

Na kiongozi ni wa mwisho. Hili nalo lifikirie. Wale wanne walioingia chuoni walikufa siku ileile. Kuno hakuwa pale. Aliishi miezi 14 zaidi. Hata al-Shabaab wenyewe ukiwasikiliza wanaposifu kifo cha shahidi, hutaona makamanda wakipanga foleni ya kwanza. Pepo ni ya mwanafunzi, uhai ni wa mwalimu.

Baadhi ya wasomaji wataniambia nimechanganya. Mackenzie aliua watu wake, watasema, na Kuno aliua watu wa wengine. Tofauti hiyo ipo na si ndogo, hasa kwa mzazi wa Kikristo aliyekwenda kuutambua mwili wa mwanawe Nairobi kwenye chumba cha maiti cha Chiromo. Siipuuzi. Lakini njia ya kumfikisha mfuasi pale ni ileile, na wanazuoni wetu waliijua karne nyingi kabla ya al-Shabaab kuzaliwa. Khawarij walikuwa watu wa kusali na kufunga kuliko majirani zao, na mwenzao Ibn Muljam ndiye aliyemuua Imam Ali karibu na mihrabu huko Kufa, mwaka 40 Hijria, kwa imani kwamba anamfanyia Mungu kazi. Serikali ya Somalia siku hizi inawaita al-Shabaab kwa jina hilohilo la Khawarij. Ninaliona ni jina sahihi kuliko "magaidi wa Kiislamu", ingawa jina peke yake halimzuii mtu kitu.

Njia yenyewe huanza na jeraha la kweli, na hapa ndipo serikali zetu hazipendi kuguswa. Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960 mpaka mwaka 1991. Novemba 1980 mitaa ya Garissa ilichomwa moto na watu wakauawa. Februari 1984 wanaume wa ukoo mmoja walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani bila maji na wengi wakauawa. Kwa miaka serikali ilikubali vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema mwaka 2013 kwamba idadi inakaribia elfu moja. Kijana aliyelelewa na babu aliyenusurika Wagalla hahitaji kudanganywa kwamba ameonewa. Anachohitaji ni mtu mzima wa kumwambia cha kufanya na uchungu huo. Asipomkuta mtu mwema, atamkuta Kuno.

Sisi Pwani tunayo majeraha yetu. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Mombasa Agosti 2012, na Abubakar Shariff, yule waliyemwita Makaburi, akauawa Aprili 2014. Mafundisho ya Rogo sikuwahi kuyakubali, na wako vijana wa mitaa yetu waliovuka kwenda Somalia baada ya kuyasikia. Lakini kumuua mtu barabarani bila hukumu kulimwongezea wasikilizaji. Kanda zake zilinunuliwa zaidi alipokuwa kaburini kuliko alipokuwa hai, na hili mfanyabiashara yeyote aliyeziuza wakati ule anaweza kukwambia.

Baada ya jeraha hufuata kukata kamba. Mwalimu mpotofu hawezi kufanya kazi mbele ya mzazi, wala mbele ya imamu mwenye elimu kumzidi. Ndiyo maana kijana huanza kwa kusema baba yake si Muislamu sawasawa, maimamu wote wamenunuliwa, swala ya msikiti wa mtaa haisihi. Waliobaki nje waliona ugomvi wa kidini. Kwa kweli ni kijana anayeondolewa kwa watu wanaoweza kumwambia hapana. Mackenzie alihitaji msitu kwa kazi hiyo. Hawa wa kwetu wanahitaji chumba kimoja na simu.

Mmoja wa wale wanne wa Garissa alikuwa Abdirahim Abdullahi, na jina lake lilitajwa na Wizara ya Usalama wa Ndani siku tatu baada ya shambulio. Huyu hakuwa mtoto wa mitaani aliyekosa chakula. Alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu wa serikali huko Mandera. Wale wanaosema kila siku kwamba tatizo ni umaskini na ujinga wamweke huyu kwenye hesabu yao. Na jambo kubwa zaidi: baba yake alikuwa ameripoti kwa wakubwa kwamba mwanawe ametoweka na anahofia amekwenda Somalia. Chifu, mtu wa serikali, anaripoti mtoto wake mwenyewe kwa serikali, na habari aliyoipata baadaye ni picha ya maiti.

Shakahola ni vivyo hivyo. Jamaa za wafuasi waliripoti, watu wa haki za binadamu wa Malindi waliripoti, Mackenzie alikamatwa mwaka 2017, akakamatwa 2019, akakamatwa tena Machi 2023 kwa vifo vya watoto na akatoka kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata ndipo makaburi yakaanza kufukuliwa.

Basi serikali ikishachelewa kumsikia baba wa mmoja, humalizia hasira kwa wengi. Baada ya Garissa ilifungia akaunti za watu na mashirika 86, na kampuni 13 za hawala, ambazo ndizo mkate wa familia nyingi Garissa, Wajir na Mandera. Haki Africa na Muhuri za hapa Mombasa zilikuwamo kwenye orodha ile; Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema mwaka huohuo kwamba hazikuwa na uhusiano na ugaidi. Naibu Rais wa wakati ule, William Ruto, aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuiondoa Dadaab. Samaki mmoja akioza wote wameoza, ndivyo ilivyokuwa. Kwa Shakahola makanisa yote ya Malindi hayakufungiwa akaunti, na ni sawa hayakufungiwa.

Lakini aliyelipa zaidi kuliko sote ni mtoto wa Kaskazini Mashariki, na amelipa kwa mkono wa hao wanaodai kumpigania. Basi lililotekwa karibu na Mandera tarehe 22 Novemba 2014 lilikuwa na walimu wengi waliokuwa wakienda makwao kwa likizo ya Desemba. Waliouawa ni 28. Siku kumi baadaye wakauawa wachimba mawe 36. Januari ilipofika walimu kutoka bara wakakataa kurudi, na nani awalaumu? Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha wasiokuwa wenyeji. Madarasa yakabaki na watoto na ubao. Mwalimu mkuu wa zamani wa madrasa na waliomfuata wameifungia elimu ya Wasomali wa Kenya kwa namna ambayo hata serikali za enzi za Shifta hazikuweza.

Ndiyo maana nikimtaja Kuno sipendi kumwacha bila kumtaja mwalimu mwingine. Salah Farah alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi lililotoka Nairobi likatekwa karibu na El Wak. Watekaji wakasema yale yale: Waislamu kando, makafiri kando. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika, na abiria wakakataa kutengana. Wakasema mtuue sote au mtuache sote. Salah alipigwa risasi na akafa hospitalini Nairobi Januari 2016. Kisa chao kikatengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyofika kwenye mashindano ya Oscar mwaka 2018. Wote wawili walikuwa Wasomali wa Kenya, wote waalimu. Magazeti ya dunia yalilijua jina la Kuno kabla, na naona mpaka leo ndilo linalojulikana zaidi.

Sasa narudi kwa yule chifu wa Mandera, kwa sababu pale ndipo mambo ya vitendo yalipo. Mwanao akianza kukatwa kamba, unamwambia nani? Tarehe 14 Aprili 2015 Waziri Joseph Nkaissery alitangaza msamaha wa siku kumi kwa vijana waliokuwa wamekwenda Somalia wajisalimishe. Siku kumi! Na wazazi wa Pwani walikuwa wakijua kwamba wapo vijana wanaochukuliwa usiku wasirudi. Ripoti ya Haki Africa ya Desemba 2016 ilihesabu visa 81 vya watu waliouawa au kupotezwa Pwani tangu 2012. Mzazi akipima kati ya mwalimu mpotofu na gari lisilokuwa na namba, hunyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kunakompa mwalimu yule miezi anayoihitaji. Kwale ilitangulia kaunti zote kwa mpango wake wa kukabili itikadi kali mwaka 2017, na Lamu na Mombasa zikafuata, na katika mipango hiyo mzazi ametajwa sana. Ninachokitafuta mimi ni mlango: ofisi yenye mtu anayejulikana, asiyekuwa polisi, ambapo mama ataingia akatoka na mwanawe akabaki hai.

Mtaani kwetu kuna mama aliyenifuata mwezi uliopita. Mwanawe ameacha chuo cha ufundi, hali chakula cha nyumbani kwa sababu pesa ya baba ni ya benki, na swala ya Ijumaa anaswali chumbani na vijana wawili ambao yeye hawajui. Kituoni hataki kwenda, na sikumlazimisha. Tulikwenda kwa imamu wetu, mzee aliyemsomesha kijana huyo juzuu ya kwanza. Mara mbili kijana amekataa kuonana naye. Juzi amekubali, kwa sharti wakutane ufukweni na asiwepo baba. Wanakutana Jumamosi hii baada ya Alasiri.